Nilimfukuza Aliyekuwa Akiitikia Sifa za Mama

Baba Malachie, mshauri wetu wa Jumamosi, pokea kwanza shukrani zangu na shida yangu itafuata, kwa sababu bila wewe nisingekuwa hata na ile dakika moja safi ya sauti ya mama niliyo nayo leo, na mtu aliyesaidiwa akija kuomba tena bila kusema asante anakuwa mtu wa namna gani.

Mimi ni Noémie, nina miaka arobaini na saba, ni sekretari wa shule hapa Kamina, mume wangu Edmond anafanya kazi kwenye reli, na tunaishi na mama yangu mzazi, mama Mbombo, aliyezaliwa Kinkondja kando ya ziwa, ambaye amefika miaka sabini na sita akiwa na akili zote na kumbukumbu zote, ila shingoni ana uvimbe ambao umekua mwaka hata mwaka mpaka sasa anapata taabu kumeza, na daktari wa Lubumbashi amesema hauwezi kungoja tena, lazima apasuliwe, na kaka yangu Jephté, ambaye ndiye atakayekuja kumchukua mama, alipomuuliza juu ya sauti akajibu kwa ukweli kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita pale pale, atautunza kadiri awezavyo, lakini hawezi kutuahidi kwamba mama atarudi na sauti aliyokwenda nayo. Safari ni baada ya siku kumi na mbili.

Sasa lazima ujue kwamba mama ndiye wa mwisho kwetu anayeshika sifa zote za ukoo wetu kwa Kiluba, jina juu ya jina, nani alimzaa nani, nani alivuka ziwa Kisale kwa mtumbwi uliotoboka akichota maji kwa kofia yake, nani aliwakatalia watoza kodi na nani alikimbia akawaacha wenzake, maana hata waliokimbia wamo, na mama alitusifu tulipozaliwa, akanisifu nilipopata diploma, akanisifu siku ya ndoa yangu nikalia mbele ya watu wote ingawa nusu ya maneno sikuyaelewa, na hakuna aliyewahi kuyaandika, mimi mwenyewe ninayeandika barua za watu wengine kutwa nzima sikuyaandika, na hilo linaniuma kuliko unavyoweza kufikiri.

Basi niliposikia habari ya daktari nikachukua simu nikamrekodi mama barazani, na niliposikiliza nilikata tamaa, kwa sababu nilisikia mashine ya kusaga mahindi ya jirani, nikasikia mabati yakilia kwa jua, kuku, kengele za baiskeli, kwaya ikijifunza, na mama akawa mbali kama mtu anayeita kutoka parsele ya tatu, nyumba tatu mbele. Ndipo nikasikiliza kipindi chako cha redio, ukafundisha godoro dirishani, blanketi ukutani, firigo izimwe, simu iwe katika hali ya ndege na ikae shubiri moja kutoka kinywani, na chumbani abaki mtu mmoja tu, yule anayesema. Nilifuata kila neno, baba, na hapo hapo nikaanza kuharibu.

Tuna jirani, mama Suzanne, mjane wa mtu wa reli, ambaye alikua pamoja na mama huko Kinkondja na alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Kila alasiri anakuja na kiti chake kidogo, na mama akianza sifa, yeye ndiye anayeitikia, anapiga makofi, anasema "Eyo vidye!", yaani ndiyo bwana, kila jina linapoanguka, anacheka, na mara nyingine anamkatiza, "Apana, weye Mbombo, umeruka muntu! Kisha huyu njo anakuja mwenye mutumbwi!" na mama anarudi nyuma anamweka yule aliyerukwa mahali pake. Katika rekodi ya baraza sauti ya mama Suzanne ilikuwa inamfunika mama kabisa, kwa hiyo siku ya godoro nilimsimamisha mlangoni nikamwambia, mama, leo tunafanya kazi ya sauti, nimeshapunguza kelele zote zimebaki zako, naomba urudi kesho. Nilitamka neno hilo, kelele.

Alinitazama. Akasema, "Minyi? Mutoto niliyobeba mu mugongo ananiita kelele?" Akageuza kiti chake, akaenda. Leo ni siku ya nane hajarudi.

Nikaingia chumbani. Mama amekaa katikati ya mablanketi, simu mbele ya kinywa, kimya kizuri ambacho sijawahi kukisikia Kamina tangu nizaliwe, nikamwambia anza, mama, nami nikatoka nikafunga mlango nikasimama nje kulinda watu wasipite. Nikangoja. Nikasikia anasema, "Noémie! Minyi nasifu nani humu? Godoro?" Nikamjibu nikiwa nje, isifie simu, mama. Akasema, "Hii telefone nani aliizala? Iko na ukoo? Iko na bakubwa yake?" Nilicheka, yeye hakucheka. Akaanza, akasema kwa dakika moja hivi, halafu akakwama kama mtu aliyepotea njia katika mji wake, akarudia jina moja mara tatu, akanyamaza, na mimi nje ya mlango nikaogopa kwamba ugonjwa umeshamchukulia kumbukumbu.

Kuanzia hapo nilifanya mambo ya aibu. Nilichukua ile rekodi ya baraza nikaipitisha katika programu ya simu inayosema inaondoa kelele, nikaivuta mpaka mwisho ili imtoe mama Suzanne pamoja na mashine, na kilichotoka ni sauti kama ya mtu anayesemea ndani ya ndoo, majina yamekatwa mikia. Nilimpa mama asikilize. Akatega sikio, akauliza, "Huyu muntu alianguka mu kisima, ni nani?"

Halafu nikaiba. Siku mama alipokuwa anachambua maharage jikoni, akisema mwenyewe taratibu, nilificha simu ndani ya kikapu cha samaki wakavu, nikaondoka kana kwamba naenda kuchota maji, na kwa haraka yangu nilisahau kuiweka katika hali ya ndege, Edmond akapiga kutoka kazini. Nilimsikia mama akiniita, "Noémie! Kuya mbio! Samaki ya Kinkondja inalia!" Nilipoingia alikuwa ameishika simu ikiwa na magamba, na sasa uso wake haukuwa wa mchezo. Akasema, "Sauti yangu si kuku ya kuiba. Ungeniomba." Nikasema nilikuomba, mama. Akasema, "Uliniomba nisemeshe ukuta." Tangu siku hiyo hataki kusikia neno rekodi. Edmond naye ananiambia niache, "Weye unatafuta kimya mu Kamina, ile kitu haiko," na pengine ana haki.

Baba, nakuuliza. Je, kuna programu nyingine yenye nguvu zaidi inayoweza kumtoa mama Suzanne bila kumwumiza mama? Au nimrekodi tena kwa siri kwa kuwa siku zinakwisha, atanisamehe baadaye? Au nimshukuru Mungu kwa dakika moja niliyo nayo nisitake zaidi? Nakushukuru hata kabla hujajibu, kwa sababu mama yangu yuko hai, anakula, ananigombeza, na mwaka jana wakati kama huu hatukuwa na uhakika hata wa hilo.

Wako Noémie, Kamina.

JIBU LA BABA MALACHIE

Mama Noémie, mwanangu, asante. Umenitumia barua ambayo imenifundisha kazi yangu, na nitaanza kwa kulipokea fungu langu la kosa. Nilisema chumbani abaki mtu mmoja. Wakati nasema hivyo nilikuwa nawawazia walimu wanaosoma masomo yao na wachungaji wanaosoma neno, watu wenye karatasi mbele yao. Mwenye karatasi anaweza kukaa peke yake. Sikumfikiria anayesifu. Kwa hiyo ulipofunga ule mlango, mkono wangu nao ulikuwa juu ya kitasa. Wasikilizaji wengine waliofuata maneno yangu wanisamehe pia.

Lakini kikapu cha samaki hakimo katika mafundisho yangu. Hicho ni chako.

Nikutoe hofu kwanza. Mama yako hajapoteza kumbukumbu. Isome tena barua yako mwenyewe: jikoni, mikono ikiwa kwenye maharage, alikuwa anasema taratibu bila kukwama. Barazani alikuwa anasema, akiruka mtu anarudishwa. Alikwama mahali pamoja tu, kati ya mablanketi, penye kimya chako kizuri. Mwanangu, sifa zetu zina watu wawili. Mmoja anatupa jina, mwingine analipokea, na ule mwitikio unampa wa kwanza pumzi na nafasi ya kukumbuka linalofuata. "Eyo vidye" ya mama Suzanne ni sehemu ya shairi, kama vile mguu wa pili ni sehemu ya kutembea. Ulimwondolea mama mguu mmoja, kisha ukashangaa kwamba hatembei.

Sasa maswali yako. Juu ya programu: hapana, haiko. Acha nikueleze kwa nini, ili usiendelee kuzijaribu moja baada ya nyingine mpaka siku ya safari. Programu hizo nyingi zinajifunza sauti isiyobadilika, mngurumo wa mashine au wa firigo, kisha zinapunguza kila kinachofanana nao. Kwa mngurumo mdogo zinasaidia vizuri. Lakini mngurumo ukiwa mkubwa kuliko msemaji, zinapoutoa zinatoka na nyama ya sauti yenyewe, hasa zile herufi laini za mwisho wa jina. Na wanawake wawili wazee wa Kinkondja, waliokunywa maji ya ziwa moja, wanaosema kwa wakati mmoja, simu yako itawatenganishaje? Kelele inaondolewa nyumbani kabla ya kubonyeza kitufe. Baadaye unabaki kufuta vumbi tu. Na ile rekodi ya baraza, usiifute. Itunze jinsi ilivyo, na mashine yake na kuku wake. Ndiyo rekodi pekee uliyo nayo ambayo mama anasema akiwa na furaha.

Juu ya kurekodi kwa siri: usirudie. Mpe mama simu, msikilize pamoja kile ulichokichukua kikapuni, na yeye aamue kama kinabaki au kinafutwa. Akisema kifutwe, kifute yeye akiona kwa macho yake. Una siku chache, hilo ni kweli, lakini mama asiyekuamini hatakupa siku hata moja kati ya hizo.

Juu ya kuridhika na dakika moja: kushukuru ni vizuri, nami nakupongeza kwa kujua kushukuru. Ila usiitumie shukrani kama kitambaa cha kufunika uvivu wa kuomba msamaha. Nakuona unavyozunguka nyumba ya mama Suzanne katika barua hii. Hukuniuliza hata mara moja uende vipi kwake. Basi nakuambia bila kuulizwa. Nenda leo, mchana, usiende na simu. Usimweleze habari ya kelele za aina hii na aina ile, usimfundishe. Mwambie, "Mama, nilikukosea, mama Mbombo amekwama bila weye." Atakugombeza. Kaa chini ugombezwe mpaka amalize. Halafu wewe ndiye umbebee kiti chake mpaka kwenu, watu wa njiani wakuone umekibeba.

Kisha tuje kwenye kazi, maana kelele halisi bado zipo na hizo hatuziachi.

Tumia siku moja kusikiliza tu. Keti chumbani na karatasi, andika saa na kinachosikika. Utakuta mashine ya jirani ina saa zake za kupumzika, kwaya ina siku zake, mabati yanalia zaidi jua linapopanda na linaposhuka, kuku wana ratiba kuliko sisi. Tafuta saa moja tulivu kuliko nyingine, yenye mwanga, mama akiwa ameshakula kidogo na koo lake halijachoka. Kama mashine bado iko katikati, mwendee mwenye mashine, mwambie ni kwa ajili ya nini na uombe nusu saa. Watu wanakataa amri. Mama anayekwenda kupasuliwa shingo hawamkatalii.

Godoro liache dirishani, lakini ujue linafanya nini. Godoro na mablanketi yanameza mwangwi, ile sauti ya chumba kitupu inayomrudia msemaji. Mashine ya kusaga hayaizuii sana. Sauti ya nje inapita kwenye nafasi, kwa hiyo funga dirisha kwanza, kisha godoro, na chini ya mlango sokomeza kikwembe cha zamani. Firigo izime, na funguo za nyumba ziweke ndani yake ili usisahau kuiwasha, maana utahitaji kutoka. Simu usiishike mkononi wala usiiweke juu ya mbao tupu. Ikalie kitambaa kilichokunjwa mara nne, shubiri moja kutoka kwa mama, pembeni kidogo ya kinywa, ili pumzi isiipige. Jambo hili la ukaribu linashinda mengine yote. Simu ikiwa karibu, sauti ya mama inakuwa kubwa na dunia yote inakuwa ndogo bila kuzimwa.

Mama Suzanne akae mbele ya mama, waonane macho, hatua mbili, na kiti chake kikalie mkeka kisikwaruze. Kwa umbali huo simu ya mama itamsikia kwa nyuma, mahali panapomfaa mwitikiaji. Azima simu ya Edmond uiweke karibu na mama Suzanne kwa namna ile ile, ili majina atakayosahihisha nayo yapatikane wazi. Zote mbili katika hali ya ndege. Umeshaona samaki wanavyoweza kulia. Waache wazungumze mambo yao kwanza, usiwahesabie "moja, mbili, tatu". Kabla hawajaanza waombe wanyamaze wakati wa kuvuta pumzi kumi, wewe ukiwa unarekodi. Hicho kimya cha chumba chako ndicho utakachoionyesha programu baadaye, ijue kitu cha kupunguza, na uipunguze kidogo tu. Ukisikia ndoo, umezidisha. Rekodi ya kwanza usiiguse kamwe; safisha nakala. Na unapomtumia Jephté, usimtumie kama ujumbe wa sauti, maana unaminywa njiani. Tuma faili lenyewe, au mpe kwenye kadi akija kumchukua mama.

Igawanye kazi katika siku tatu au nne, vipande vya dakika kumi. Koo lenye uvimbe halilazimishwi. Na andika, sekretari. Unaandika barua za watu kutwa nzima. Baada ya kila kipande, kaa na wazee hao wawili, waulize maneno usiyoyaelewa, yaandike.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya nisome barua yako mara ya tatu. Umenieleza mahali lilipokaa godoro, mahali ilipokaa simu, mahali alipokaa mama. Wewe ulikuwa wapi? Nje ya mlango, mgongo umeupa chumba, unalinda watu wasipite. Mama alipouliza anamsifu nani humo, hakuwa anakutania, mwanangu. Alikuwa anakuuliza uko wapi. Sifa zinasemwa kwa mtu wa ukoo aliye mbele ya macho, na katika nyumba hiyo mtu huyo ni wewe.

Kwa hiyo ingia ndani. Keti kwenye mkeka, mahali atakapokuona uso. Baba yako atapita, na babu zako, na yule wa mtumbwi, na wale waliokimbia, mama Suzanne akiwaitikia mmoja mmoja. Ukisikia linakuja jina lako, usibane pumzi kwa ajili ya simu, na machozi yakija usitoke nje nayo. Itika kwa sauti, akusikie.